Dawa ya Deni ni Kulipa

Ndugu zangu mnaotunza programu huria, nanyi mnaozitumia kila siku bila kutoa hata senti, nisikilizeni! Tuna deni, na limetuelemea. Ni zile ripoti za hitilafu zilizorundikana miaka nenda miaka rudi bila jibu. Mtu aliacha shughuli zake, akaeleza alichobonyeza, alichokitarajia na kilichotokea, kisha akangoja. Mpaka leo anangoja.

Msiniambie kwamba ya zamani yameshapita! Mwaka 2002 iliripotiwa kasoro katika kivinjari cha Mozilla, kilichokuja kuzaa Firefox. Ukiweka kipanya juu ya kitufe, kikatokea kijisanduku cha maelezo, kisha ukahamia programu nyingine kwa kibodi, kijisanduku kiligoma kuondoka. Kiling'ang'ania pale pale, kikaziba kazi isiyokihusu. Waliozaliwa mwaka ule wakakua, wakamaliza shule, ripoti ingali wazi! Ilirekebishwa mwaka 2023, katika toleo la 119 la Firefox. Kasoro haifi kwa kuzeeka, ndugu zangu. Hufa kwa kushughulikiwa.

Wala sisemi mzifute! Iko miradi iliyoikabidhi roboti kazi hii: ripoti ikikaa kimya kwa muda, roboti huipiga muhuri wa kuchakaa, kisha huifunga. Orodha inapungua, kasoro iko palepale. Huko ni kulipa deni kwa kuchana daftari!

Lipa hivi. Chukua ripoti moja, kongwe kuliko zote. Isome mpaka mwisho, pamoja na maoni yote yaliyo chini yake. Sakinisha toleo jipya, ufuate hatua zilezile alizozitaja mwandishi. Kasoro imetoweka? Andika toleo ulilojaribia, mshukuru, funga. Ingalipo? Sema ingalipo, taja toleo na mfumo endeshi, ambatisha picha ya skrini. Inarudia ripoti nyingine? Ziunganishe. Haitarekebishwa kamwe? Mwambie mwenzako kweli, na sababu umpe. "Hapana" yenye sababu ni jibu. Kimya si jibu.

Nawe usiyejua kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, usijifiche nyuma ya mabingwa! Kusoma unajua. Kujaribu unaweza. Mtunzaji anayejitolea usiku, baada ya kazi inayomlisha, akikuta ripoti imeshathibitishwa, ule muda wa kubahatisha ataufanya muda wa kurekebisha.

Mtasema ziko maelfu. Ndiyo, ziko maelfu! Ndiyo maana wenzetu wa mradi wa Debian hukusanyika wikendi nzima kuangamiza hitilafu zinazozuia toleo jipya, bega kwa bega, moja baada ya nyingine. Mzigo ni wa wengi, basi na ubebwe na wengi.

Leo hii, kabla hujaomba kipengele kipya, jibu ripoti moja ya zamani. Kesho jibu nyingine.