Majani ya Gesti, Viazi vya Bibi

Desemba 2022, nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza ya kilimo, niliunguza bustani ya majani ya watu. Sikutumia moto. Nilitumia mbolea.

Gesti yenyewe iko Makambako, mji ambao barabara ya Njombe na Songea inachepuka kutoka ile kuu ya kwenda Mbeya. Mjomba wangu ndiye mtunza bustani. Mbele ya vyumba kuna ukoka wa kama mita 10 kwa 20, na wageni hupenda kupigia picha pale kabla ya kuondoka. Mjomba alifiwa upande wa mkewe, akaenda Njombe siku tano. Aliniachia reki, mpira wa maji na agizo moja: nisikate majani yakawa mafupi sana.

Siku ya pili niliona yana unjano. Mwanafunzi wa kilimo akiona unjano hasemi “kuna nini hapa?” Anasema “nitrojeni.” Stoo kulikuwa na mfuko wa yurea wa kilo 50, na haukuwa wa gesti. Ulikuwa wa bibi. Msimu ule mbolea ya ruzuku ilikuwa imeanza kutolewa kwa wakulima waliosajiliwa, na kwa kuwa kijijini kwao Makete wakala hakuwapo, bibi aliteremka mwenyewe hadi Makambako na namba yake mkononi, akanunua DAP ya kupandia viazi na yurea ya kukuzia. DAP alipanda nayo gari siku ileile. Yurea ilikuwa inasubiri lori.

Nilichota ndoo ndogo, kama kilo 10. Nilijiambia nitairudisha.

Asubuhi ile palikuwa na manyunyu, majani yakabaki na unyevu. Nikarusha mbolea kwa mkono, punje zikanata. Saa sita jua likatoka kali, na bombani hakukuwa na maji. Hesabu nilikuja kuifanya baadaye. Yurea ina nitrojeni asilimia 46. Kwa majani ya bustani, dozi ya kawaida ya mara moja ni kama gramu 5 za nitrojeni kwa mita ya mraba, kisha unamwagilia ili iingie ardhini. Mimi niliweka gramu 23, na sikumwagilia. Mbolea ni chumvi. Ikikaa juu ya jani huvuta maji kutoka ndani ya jani. Siku ya tatu bustani ilikuwa na mabaka ya rangi ya tumbaku.

Mjomba aliporudi hakupiga kelele. Aliinama, akachoma kidole ardhini, kidole kikagoma kuingia.

“Mjomba,” akaniambia (kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo wote wawili), “hawa hawakuwa na njaa. Walikuwa wamekosa pumzi.”

Wiki mbili kabla kulikuwa na harusi na magari yaliegeshwa juu ya majani. Udongo ulishindiliwa, mizizi haikupata hewa wala maji. Mpango wake ulikuwa kutoboatoboa ardhi kwa uma wa shambani, kutandaza samadi iliyooza vizuri na kungoja mvua. Hakuwahi kusoma fizikia ya udongo. Mimi niliwahi, na nilifaulu.

Mwenye gesti alipouliza, mjomba alijibu: “Nimeunguza mimi.” Akakatwa shilingi 30,000 kwenye mshahara. Bibi akapelekewa kilo 40 na maelezo kwamba mfuko ulichanika njiani. Mara zote mbili nilikuwepo, nimesimama, kimya.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kosa langu lilikuwa lipi hasa. Kutojua? Watu husamehe kutojua kwa haraka mno, hasa kukiwa kwao wenyewe. Lakini simu nilikuwa nayo na vocha ilikuwepo. Ningeweza kumuuliza mjomba kwa dakika moja. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa na uhakika, na uhakika huo niliuita huduma. Nilitaka kuyafanyia wema majani, na wema wangu haukuwa na subira ya kuuliza mgonjwa anaumwa nini.

Mwaka uliofuata, Februari, nilipanda Kitulo na wenzangu. Uwanda ule uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,600, na miezi ya mvua huchanua kiasi kwamba wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Hifadhi ya Taifa Kitulo ilianzishwa rasmi 2005, ina kilomita za mraba 412.9, na inalinda zaidi ya aina 350 za mimea, 45 kati yake zikiwa okidi. Mizizi ya okidi hizo imekuwa ikichimbwa na kuvushwa hadi Zambia, ambako hutengenezwa chikanda. Nilikaa chini kwenye majani na wazo likanijia: hapa ningefanya uharibifu mkubwa zaidi kwa ndoo ileile.

Kuna ushahidi. Huko Rothamsted, Uingereza, tangu 1856 wamekuwa wakiweka mbolea tofautitofauti kwenye vipande vya uwanda mmoja wa nyasi. Vipande visivyopewa kitu vina aina karibu 40 za mimea. Baadhi ya vile vilivyopewa nitrojeni ya amonia kwa wingi bila chokaa vimebaki na aina mbili au tatu. Udongo wake umekuwa mchachu, na wachache wanaoweza kuula utajiri ule wamewafunika wengine. Kwa hiyo swali “udongo huu una afya?” haliwezi kujibiwa kabla ya kuuliza afya ya nani. Mwenye gesti anataka aina moja tu ya majani, fupi, ya kijani, kwa ajili ya picha. Okidi inataka tuiache ilivyo.

Aldo Leopold, katika kitabu kilichotoka 1949, alitaka jamii tunayowajibika kwayo ipanuliwe ihesabu na udongo, maji, mimea na wanyama. Nakubaliana naye, ila huwa nasita. Kwenye semina zetu kuna mtu, mara nyingi mimi, anayeongea kuhusu haki ya udongo kana kwamba mbolea ni dhambi. Shamba la bibi lina udongo mweusi, mwepesi, wa majivu ya volkano. Ukiutazama unadhani umeshiba. Kumbe fosforasi unaishikilia na mimea haiipati kirahisi. Viazi vyake bila mbolea ni vya ukubwa wa ndimu. Kilo 10 alizopungukiwa zilikuwa mistari kadhaa ya viazi isiyokuziwa, na viazi ndivyo vilivyonunua madaftari yangu.

Hapo ndipo pananiuma. Udongo wa gesti nadhani ulishanisamehe, kama udongo unaweza kusamehe. Ukoka ulichipua tena kufikia Machi. Mjomba nilimrudishia 30,000 kutoka kwenye mkopo wa chuo, akazikataa, kisha akazichukua. Bibi ndiye niliyekuwa namdai ukweli wangu. Au yeye ndiye aliyekuwa ananidai, sijui Kiswahili kinataka nisemeje.

Julai iliyopita nilienda kwake. Palikuwa na baridi ya Makete, ile ya kukaa jikoni mchana kutwa. Nilimkuta anamenya viazi.

“Kamwene, bibi.”

“Kamwene, mume wangu. Kaa, kuna moto.”

Nikamweleza yote, kuanzia unjano hadi mfuko uliodaiwa kuchanika. Aliendelea kumenya. Nilipomaliza alinyamaza muda mrefu, mpaka nikaanza kuhesabu viazi kwenye beseni.

“Na yale majani,” akauliza, “yalipona?”

“Yalipona, bibi.”

“Hao wageni huwa wanayala?”

“Hapana.”

Akanisogezea kisu cha pili.