Nani Akeshe na Mtoto Mchanga?

Waalimu wetu wa mitaa hupokea mara nyingi habari ya namna hii kutoka mjini: "Mwalimu, mke wangu amejifungua salama, lakini hatupati usingizi. Tafadhali ututafutie binti wa kukaa na mtoto usiku." Zamani habari hiyo ilikuja kwa barua, siku hizi huja kwa simu. Ni maneno machache, tena ya adabu, na mwalimu aona ni jambo dogo la kusaidiana. Lakini ndani ya maneno hayo wamo watu watatu: mzazi aliyechoka, mtoto asiyeweza kusema, na binti ambaye hata jina lake halijatajwa. Yafaa tuwafikiri wote watatu kabla ya kujibu.

Kwanza tukubali ya kuwa haja yenyewe ni ya kweli. Mtoto mchanga hajui mchana wala usiku. Hunyonya mara 8 hata 12 kutwa na kucha, na kila mara lazima mtu aamke. Mama yake amepoteza damu, pengine amepasuliwa. Wako wasemao, "Mama zetu walizaa wakakaa peke yao, wala hawakutafuta msaidizi." Maneno hayo si kweli. Katika vihamba vya Kilimanjaro mzazi alikaa ndani muda wa miezi mitatu hivi, akipikiwa mtori, na mama mkwe akishika kazi za nyumba. Na watu wa pwani wana arobaini yao. Hakuachwa peke yake.

Kumbukeni pia wale wanawake wawili waliokwenda mbele ya mfalme Sulemani. Sisi twaisoma habari ile kwa ajili ya hekima ya mfalme, tukapita upesi neno lililotangulia: walikuwa wawili tu, hapakuwa na mtu mwingine nyumbani, na mmoja akamlalia mtoto wake usiku akafa. Ile hila ya kubadili watoto ni mbaya, lakini kabla ya hila palikuwa na mzazi aliyelala usingizi mzito, wala hapakuwa na wa kumpokea mtoto mikononi mwake. Basi atakaye msaada wa usiku asiitwe mvivu.

Swali ni hili: nani atoe msaada huo? Nadhani wa kwanza kuulizwa si binti wa kijijini, ni mume. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa mama likizo ya siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku 3. Siku tatu ni chache, lakini sheria yahesabu siku za ofisini, haihesabu usiku. Hawezi kunyonyesha, lakini aweza kumbadili mtoto nguo, kumletea mama, kumshika baada ya kunyonya hata atulie. Mwaka 1522 Martin Luther aliandika juu ya maisha ya ndoa, akasema habari ya baba afuaye nepi za mtoto na kuchekwa na watu kuwa ni mwanamume dhaifu: wao wacheke, lakini Mungu na malaika wake humfurahia, kwa kuwa afanya hivyo kwa imani. Sisi tujiitao kwa jina lake Luther twapenda kumtaja siku ya Matengenezo, nepi hatuzitaji.

Nyanya wa mtoto, akiweza kuja, ndiye bora. Ila naye ana shamba lake na ng'ombe wake, na usingizi wa mzee ukikatwa haurudi. Aombwe, asiagizwe.

Labda baba hufanya kazi ya zamu za usiku, au hayupo, na nyanya amefariki. Hapo inapasa kuajiri. Basi atafutwe mtu mzima, aliyepata kulea, mwenye moyo mtulivu. Wengi humsifu yaya awaachaye walale mpaka asubuhi. Mimi namsifu ajuaye wakati wa kuwaamsha. Mtoto akikataa ziwa, mwili ukiwa wa moto au wa baridi, akipumua mbiombio, kitovu kikiwa chekundu au kikitoa usaha, akishikwa na degedege, asingojewe mpapazuko. Apelekwe hospitali usiku ule ule. Wala kazi ya mlezi si kushika mahali pa mama. Mtoto anyonyapo usiku ndipo maziwa yanapozidi kuja, na miezi 6 ya kwanza hahitaji kitu kingine, hata maji. Mlezi amlete mtoto, ampokee, amlaze chali kitandani pake ndani ya chandarua karibu na mama yake, ili mama apate usingizi kati ya kunyonyesha na kunyonyesha. Mlezi aliyechoka hujaribiwa kumpa mtoto maji ya sukari au dawa ya majani ili anyamaze. Kwa hiyo uchovu wake wawahusu ninyi pia.

Sasa nafika kwa binti. Aombwaye mara nyingi ni yule aliyemaliza kipaimara juzi, wa miaka 14 au 15, "maana ni mpole, tena hana mambo mengi." Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamhesabu mtu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Yamruhusu kazi nyepesi tangu miaka 14, lakini yakataza asiajiriwe kufanya kazi tangu saa 2 ya usiku hata saa 12 asubuhi. Ndiyo saa zenyewe tunazozisema. Na hata pasipo sheria, jambo hili laonekana kwa macho. Mchana binti afagia, afua, apika. Usiku akabidhiwa roho ya mtu. Mwili wake bado wakua na wadai usingizi. Jambo likitokea, yeye ndiye atakayelaumiwa, na hakuna atakayesema, "Alikuwa mtoto." Twamwita mtoto siku ya kulipa ujira, na mtu mzima usiku wa kukesha.

Labda mtu atasema, "Kwao kuna njaa, huku atakula na kuvaa." Naam, njaa iko, wala siidharau. Lakini kama nia ni kumsaidia, alipiwe daftari na sare ya shule. Na kama nia ni kupata mlezi, aajiriwe mama yake mdogo au shangazi yake, ambaye watoto wake wamekwisha kukua. Ni neno gumu kwa sababu mtu mzima hudai mshahara wa mtu mzima.

Na apewe. Binti Farao alikuwa na uwezo wa kumwamuru mwanamke wa Kiebrania afanye kazi bure, lakini alimwahidi mlezi wa Musa ujira, naye mlezi alikuwa mama mzazi. Sheria ya 2004 yaongeza juu ya mshahara si chini ya asilimia 5 kwa kila saa ya usiku. Tena akeshaye alale mchana, na nguo zifuliwe na mwingine. Debora, mlezi wa Rebeka, alipokufa alizikwa chini ya mwaloni, na jina la mahali pale likawa la kilio. Jina lake mwenyewe limeandikwa katika Mwanzo. Iko nyumba ambayo mlezi amekaa miaka miwili, na watoto hawajui jina la baba yake.

Basi mwalimu apigiwapo simu, aulize: mtu mnayemtaka ni wa umri gani? Mchana atalala wapi? Atalipwa nini? Na baba wa mtoto hushika saa ngapi? Pengine huko mjini hawatapenda kuulizwa, nao watatafuta mahali pengine. Hilo hatuwezi kulizuia. Lakini jina la binti huyo halitakuwa limetoka katika daftari ya kipaimara ya mtaa wetu.