Mahari ya Mji Mdogo

Katika mchezo wa kompyuta uitwao Civilization V, uliotolewa mwaka 2010, mchezaji huongoza taifa kubwa, na kando yake imo miji midogo iliyo huru, Zanzibar ikiwa mmojawapo. Urafiki wa miji hiyo hupimwa kwa tarakimu: dhahabu huupandisha, zamu zipitapo huuteremsha. Basi autakaye urafiki huo achague taifa gani?

Wayunani wa Alexander wamejaliwa kutosahauliwa upesi, kwani kwao urafiki hupungua kwa nusu ya kasi ya kawaida. Siam huvuna zaidi chakula na utamaduni kwa rafiki zake. Austria ya Maria Theresa ina hila ya ndoa: mji ukiwa mwandani wake kwa zamu 5, aweza kutoa dhahabu akautia milkini mwake pasipo vita.

Mwanangu alichagua Austria, akaiposa Zanzibar. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Jina la mji lilibaki katika ramani, lakini hapakuwa tena na mtu wa kupelekewa zawadi, wala wa kuikataa. Siam naye hutafuta faida, nakiri, ila faida yake yahitaji rafiki aendelee kuwapo. Nilimwuliza mwanangu kama mji ule uliulizwa. Akanijibu kwamba mahari imekwisha lipwa.