Asili na Mageuzi katika Gari la Kale

Wahenga walituachia methali mbili zisizopatana. Moja yasema, mwacha asili ni mtumwa. Ya pili yasema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Mtu akizichukua zote mbili kwa pamoja hujiona amesimama kati ya wazee wawili, kila mmoja amemshika mkono na kumvuta upande wake. Katika mambo mengi mvutano huu hautudhuru sana, maana desturi hutuamulia. Lakini liko jambo moja ambalo desturi yake haijakomaa, nalo ni kutengeneza upya magari ya kale ya Marekani, yale ambayo Wamarekani wenyewe huyaita magari ya misuli. Katika jambo hilo wazee hao wangali wakivutana, na watu wenye akili njema wameshindwa kukubaliana.

Msomaji asidhani kuwa suala hili ni la mafundi na matajiri peke yao. Gari ni chuma, walakini swali liulizwalo juu yake si la chuma. Kitu kilichochakaa kikitengenezwa, je, kirudishwe kama kilivyokuwa siku kilipozaliwa, au kifanywe bora kuliko kilivyozaliwa? Na yule anayekimiliki ana haki kiasi gani ya kukigeuza? Maswali haya yaweza kuulizwa juu ya nyumba, juu ya kitabu, na hata juu ya lugha. Nimechagua gari kwa sababu ndani yake majibu yaweza kutazamwa kwa macho na kushikwa kwa mikono.

Magari ya misuli yalitengenezwa Marekani katika miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970. Aghalabu yalikuwa magari ya ukubwa wa kati yaliyotiwa injini za magari makubwa, yakauzwa kwa bei ambayo kijana mwenye mshahara aliweza kuifikia. Wengi huhesabu kuwa la kwanza lilikuwa Pontiac GTO ya mwaka 1964, yenye injini ya inchi za ujazo 389 na nguvu za farasi 325. Maisha yao hayakuwa marefu. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1970, gharama za bima, na uhaba wa mafuta wa mwaka 1973 viliyamaliza. Yakazeeka kabla wenyewe hawajazeeka. Mengine yaliozea mashambani, mengine yaligongwa, na mengine yaliuzwa kama vyuma vikuukuu. Yaliyosalia yakaanza kutafutwa kama lulu.

Watafutaji wakagawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la watu wa asili. Kwao gari halina thamani kamili mpaka namba iliyopigwa kwenye injini ilingane na namba ya gari lenyewe. Hutafuta bolti zenye alama za kiwanda na rangi ya mwaka ule ule. Hata alama za chaki ambazo wakaguzi wa kiwanda walizichora chini ya gari, wao huzichora tena mahali pale pale. Kundi la pili ni la watu wa mageuzi. Hawa hulibakiza umbo la nje, lakini ndani hutia injini ya siku hizi, breki za sahani, na viti vyenye mikanda ya kifua. Kundi la kwanza huliita la pili waharibifu. Kundi la pili huliita la kwanza walinzi wa makaburi.

Hoja ya watu wa asili ni nzito. Gari lisiloguswa ni shahidi. Latueleza jinsi watu wa wakati wake walivyofikiri, walivyofanya kazi, walivyothamini mwendo na walivyodharau hatari. Mstari wa kuchomelea uliokwenda upande ni ushuhuda wa mkono wa mtu fulani ambaye jina lake halikuandikwa popote. Mstari huo ukisawazishwa, mtu yule amefutwa. Shahidi akinyamazishwa namna hii hasemi tena, maana ushahidi haupandwi ukaota kama mhindi.

Walakini hoja hiyo huwageukia wenyewe. Kiwandani watu walifanya kazi kwa haraka. Rangi ilitiririka hapa, ikapungua pale, na milango haikukaa sawasawa. Fundi wa leo huchukua miezi mingi kulainisha mwili wa gari mpaka ung'ae kama kioo, kisha husema amelirudisha katika asili yake. Hakulirudisha. Amelipeleka mahali ambapo halikupata kufika kamwe. Gari la namna hii halina tundu wala waya uliogeuzwa, na bado limegeuzwa kabisa. Na pengine aliyetia breki mpya akakiri kuwa amezitia yu mkweli zaidi kuliko aliyelipamba kupita kiasi akaliita la asili.

Tena yafaa kuuliza, asili yenyewe ni ipi? Kampuni mama ya Pontiac ilikuwa imeweka mpaka wa ukubwa wa injini katika magari ya kati. Watu wa Pontiac waliupita mpaka huo kwa kuiuza GTO kama nyongeza ya hiari juu ya gari jingine lililokwisha kuruhusiwa. Basi gari hilo la kwanza lilikuwa tayari ni gari lililogeuzwa. Mwaka 1965 Carroll Shelby alizichukua Mustang za kampuni ya Ford akazigeuza katika karakana yake ya California. Mwaka 1967 Don Yenko, muuza magari wa Canonsburg katika jimbo la Pennsylvania, alianza kuzitia Camaro injini ya inchi za ujazo 427, kubwa kuliko ile iliyoruhusiwa na kampuni. Leo magari ya Shelby na ya Yenko hutunzwa kwa wivu mkubwa, na mtu akiligeuza mojawapo huhesabiwa kuwa amefanya jinai. Lililokuwa tundu jipya jana limekuwa asili takatifu leo. Ikiwa ndivyo, ugeuzi si adui wa asili ya magari haya. Ni sehemu ya damu yao.

Wanafalsafa walilikuta fumbo hili zamani. Plutarch asimulia kuwa watu wa Athens waliihifadhi merikebu ya Theseus kwa kuondoa kila ubao uliooza na kutia mpya, hata wenye hekima wakabishana kama ilikuwa merikebu ile ile. Katika karne ya 17 Thomas Hobbes aliongeza tata: je, kama mtu angeziokota mbao zile kuukuu akaziunga upya, ipi ingekuwa merikebu ya kweli? Mimi naona fumbo hilo, kwa uzuri wake wote, halimsaidii sana mtu mwenye gari. Lauliza kitu ni kipi, ilhali yeye ana haja ya kujua ana wajibu gani.

Basi tuutafute wajibu kwa mfano. Tuseme kijana wa Ohio amerithi Camaro ya mwaka 1969 kutoka kwa baba yake. Namba za injini hazilingani na za gari, kwa sababu baba aliing'oa injini ya kiwanda mwaka ule ule wa kulinunua, akatia nyingine kwa mikono yake ili apate kushindana. Alitoboa dashibodi akafunga saa ya mizunguko ya injini. Mwana afanye nini? Akilirudisha kama lilivyotoka kiwandani, soko litamsifu. Lakini atakuwa amemwondoa baba yake ndani ya gari. Wapenzi wa magari wa Marekani wana jina la magari ya namna hii: huyaita magari ya siku ya pili, kwa maana ya yale yaliyogeuzwa mara tu baada ya kununuliwa. Siku ya kwanza ni ya kiwanda. Siku ya pili ni ya mtu. Nani aliyethubutu kutuambia kuwa ya kwanza ni historia na ya pili si historia?

Liko gari moja mashuhuri linalothibitisha neno hili. Mustang ya kijani aliyoiendesha Steve McQueen katika filamu ya Bullitt ya mwaka 1968 ilichomelewa vyuma chini yake ili vishike kamera. Familia moja iliinunua mwaka 1974, ikaitumia kama gari la kila siku, kisha ikaihifadhi kwa miaka mingi. Iliponadiwa huko Kissimmee, Florida, mwezi wa Januari 2020, ilikuwa na kutu yake, michubuko yake na vyuma vyake vyote, na ilipata dola milioni 3.74. Kama mtu angelisafisha gari lile na kuvikata vyuma vile vya kigeni kwa jina la uasili, angaliangamiza kile hasa kilichompasa kukihifadhi.

Yapendeza kuona kuwa katika mwaka wa 1964, mwaka ule ule wa GTO, wataalamu wa majengo ya kale walikutana Venice wakaandika mkataba juu ya jambo hili. Walisema kuwa mchango halali wa kila zama katika jengo uheshimiwe, kuwa sehemu zilizotiwa mahali pa zilizopotea ziweze kutambulikana, na kuwa urudishaji ukome pale kukisia kunapoanza. Baadaye FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, liliifuata njia hiyo katika mkataba wake wa Turin. Kiini cha maneno yao yote, kwa jinsi nionavyo, ni kimoja: usiseme uongo kwa chuma.

Uongo huo si wa kudhania tu. Mwaka 1971 zilitengenezwa Plymouth Hemi 'Cuda za paa la kukunja zipatazo 11 tu, na mojawapo ilinadiwa kwa dola milioni 3.5 mwaka 2014. Fedha kama hizo huwatoa watu imani. Wako wanaosaga namba za injini na kupiga nyingine. Wako wanaolivika gari la kawaida alama za gari adimu wakaliuza kwa jina lisilo lake. Hapa tofauti kati ya ugeuzi na ulaghai ni wazi. Mtu akitengeneza mfano wa GTO kwa gari la LeMans akasema, huu ni mfano, hakumdhuru mtu. Akinyamaza, amemwibia mnunuzi mali, na amemwibia kila atakayekuja baadaye ukweli.

Lakini ukweli nao si mali pekee tunayodaiwa. GTO ya mwaka 1964 ilikuwa na breki za ngoma katika magurudumu yote manne, na mikanda yake ilifunga kiuno tu. Injini ya zama zile ilizoea petroli yenye risasi, ambayo kuuzwa kwake kwa magari ya barabarani kulipigwa marufuku Marekani tangu mwanzo wa mwaka 1996. Gari likikaa katika jumba la makumbusho, na libaki na breki zake. Likibeba watoto barabarani, uhai wa mtoto hauwezi kulinganishwa na uasili wa breki. Kinachotakiwa ni kuwa vifaa vya zamani visitupwe, bali vifungwe vizuri na kuwekwa, na kile kilichofungwa leo kiweze kufunguliwa kesho bila kuacha kovu.

Twarudi kwa kijana wetu wa Ohio. Mimi nisingemshauri aingize injini ya kiwanda kwa ajili ya soko, wala nisingemshauri alikate gari kwa ajili ya mtindo wa mwaka huu. Aiache injini ya baba, aliache tundu la dashibodi, afunge breki njema kwa matundu yaliyokuwapo, kisha achukue daftari aandike: hiki ni cha kiwanda, hiki ni cha baba, hiki ni changu. Daftari hilo laweza kupunguza bei ya gari. Atakayelipokea gari baada yake, hata hivyo, atajua anapokea nini kutoka kwa nani, na atakuwa huru kuamua kama yeye alivyokuwa huru. Mwacha asili ni mtumwa, kweli. Lakini mwenye kuificha asili, au kuizua, humtia utumwani na mtu mwingine ambaye hajazaliwa bado.