Shabaha na Kosa

Miongoni mwa maneno ambayo Wayunani waliwarithisha walimwengu wapate kuzipima nafsi zao, neno hamartia lastahili kufikiriwa kwa utulivu, kwani kabla halijaingia vitabuni mwa dini na kuwa jina la dhambi, ukoo wake ulikuwa katika vita: katika tenzi za Homer, askari ambaye mkuki wake umepita kando ya adui husimuliwa kwa kitenzi cha asili hiyo, maana yake amekosa shabaha.

Wayahudi wa Alexandria walipoanza kuifasiri Torati kwa Kiyunani, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, walilichagua neno hili bila kuidhulumu lugha yao, kwa sababu katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 20, palipotajwa mashujaa 700 wa Benyamini waliotupa jiwe kwa teo wasikose hata unywele, kitenzi cha Kiebrania cha kukosa ndicho kile kile cha kutenda dhambi. Kiarabu, ndugu wa Kiebrania, kina shina hilo hilo, nacho ndicho kilichotupa hatia. Na Kiswahili, kwa hazina yake yenyewe, husema mwindaji amekosa na mja amekosa kwa tamko moja. Lugha zilizozaliwa mbalimbali zikikubaliana hivi, hapana budi zimegusa jambo lililo katika tabia ya binadamu mwenyewe.

Jambo hilo, kwa fikira yangu, ni kwamba uovu haufahamiki pasipo wema uliotangulia kukusudiwa, kama ambavyo hakuna mshale unaoweza kukosa mahali ambapo hapana shabaha. Aristotle aliliona hili, akaandika katika kitabu chake cha maadili kuwa kuijua heri iliyo kuu kwatufaa kama shabaha imfaavyo mpiga upinde, na kuwa njia za kukosa ni nyingi, lakini ya kupata ni moja.

Pengine mtu atauliza: ikiwa dhambi ni kukosa shabaha tu, je, mwovu si mtu wa kuhurumiwa badala ya kulaumiwa? Swali hili ni zito, lakini jawabu lake limo katika kitabu hicho hicho, ambamo Aristotle ataja adhabu iliyozidishwa mara mbili kwa mlevi, sheria ambayo kwingineko aihusisha na Pittacus wa Mytilene. Sababu ni kwamba mlevi, ingawa hakujua alitendalo, alikuwa na uwezo wa kutokulewa. Basi ujinga tuliojitakia hauwi udhuru, wala aliyefumba macho kwa hiari hana haki ya kulisingizia giza, na lawama yetu huanza pale tulipokataa kutazama, kabla mkono haujatenda.

Kwa hiyo neno la pili la Kiyunani, metanoia, ambalo Injili hulitumia kwa toba, lina insafu kubwa, kwani lilitungwa kwa mageuzi na kwa akili, likaamrisha mtu aigeuze fikira yake yote. Kilatini kililifasiri kwa tamko lililofahamika kuwa ni kufanya kitubio, na wengi wakalielekeza katika malipizi ya nje. Hata mwaka 1518, miaka 2 baada ya Erasmus kulichapisha Agano Jipya kwa Kiyunani, Martin Luther alimwandikia mlezi wake Staupitz kwamba maana ya asili ya neno hili ilimfungulia moyo. Malipizi yana mahali pake, na machozi yana heshima yake. Ila mwenye kulia sana, kisha akalenga pale pale alipolenga jana, hajatubu. Atubuye kwa haki ni yule aliyeuliza upya maisha yake yaelekea wapi, akalipokea jawabu hata lilipomuumiza, kisha akakubali kujifunza kulenga pamoja na wenziwe, ambao nao wangali wakikosa.