Mwili Ni wa Nani? Vijana Wetu na Kilo

Hapa Lubumbashi, neno «kilo» kila mama analijua. Kupeleka mtoto ku kilo ni kumpeleka kupimwa, ili tuone kama anakomaa vizuri. Hapo kilo ni rafiki wa mtoto na wa mama yake. Lakini mtoto yule yule, akifikia miaka 20, anaanza kujipima mwenyewe, na kilo inageuka kuwa mwamuzi. Ndiyo maana tunauliza: ni nini kinachomsukuma? Na anaupima mwili wake kwa faida ya nani?

Sababu ni nyingi, na hatupashwi kuzicheka. Kijana mmoja anakimbia asubuhi kwa sababu baba yake alikufa na tansio, ao alikatwa mguu juu ya ugonjwa wa sukari. Huyo anatafuta uzima. Mwengine anabeba vyuma ili aonekane mwanaume. Dada mwengine anaacha bukari ili afanane na mabinti wembamba anaowaona ku televizyo.

Lakini kwetu kuko pia wale wanaotafuta kunenepa, na hao ni sisi wenyewe tunaowafundisha. Mtu akikonda kidogo, salamu yetu ya kwanza ni hii: «Aa, unakonda hivi, uko mugonjwa?» Tangu sida ilipojulikana katika inchi yetu, miaka ya 1980, swali hilo linaogopesha. Na bibi mwembamba anaambiwa: «Bwana yako hakulishake?» Wembamba tunausoma kama njaa, kama ugonjwa, kama ndoa mbaya.

Katika familia moja tunayoijua, binti alianza kumeza kinini miezi mitatu mbele ya ndoa. Alimeza siproheptadini, ambayo ni dawa ya aleji inayoleta hamu ya kula na usingizi, pamoja na deksametazoni. Hakuna daktari aliyemwandikia. Uso ukajaa, mashavu yakawa mviringo, na siku ya mahari sisi wote tulifurahi. Shangazi akamwambia: «Mwana yangu, sasa ndiyo unakuwa mama kabisa!» Hakuna aliyeuliza unene ule ulitoka wapi.

Kumbe deksametazoni inaweza kupandisha sukari na tansio, na kudhoofisha mifupa. Tena, mtu aliyeizoea muda mrefu akiiacha kwa ghafula yuko katika hatari, kwa sababu mwili wake umeacha kujitengenezea homoni ambayo kinini kilichukua nafasi yake. Kiisha ndoa, binti aliacha zile kinini siku moja, akaanguka, akapelekwa hospitali. Alipopona, alimwambia mama yake: «Mama, nilitakaka tu batu banyamaze.»

Wengine watatujibu: ni desturi, hata wazee walipenda unene. Ni kweli kwa upande mmoja. Tuchukue mfano wa mbali kidogo, lakini wa ndani ya inchi yetu. Kwa Waekonda, upande wa ziwa Mai-Ndombe, mama wa mtoto wa kwanza anaitwa walé. Anarudi kwa wazazi wake, anapumzika, anakula vizuri, anapakwa ngola nyekundu, na anakaa mbali na bwana ili mtoto anyonye na akomae. Walé ananenepa, ndiyo, lakini nyuma ya unene huo kuko watu wanaopika na kumlinda. Unene ule ni tunda la kutunzwa. Sisi tumeshika unene, tukaacha kutunza. Binti yetu alibaki peke yake na kinini zake.

Vijana nao wanasema: «Mwili ni wangu, niacheni.» Tunawaelewa, lakini jibu hilo ni nusu. Waluba wana neno bumuntu, maana yake utu wa mtu, tabia inayomfanya awe mtu kweli. Mwenye roho mbaya wanasema si muntu tena, amekuwa kintu, yaani kitu tu. Bumuntu hakuna balansi inayoupima. Anayejipima kwa macho ya watu anajigeuza kitu, kama gunia la unga ku soko. Na sisi tunaomtazama hivyo, tunapoteza bumuntu wetu mbele yake.

Basi, mwili ni wa nani? Tunafikiri hivi: ni wa kijana mwenyewe kwa kuamua, na ni wetu sote kwa kuutunza. Akitaka kupunguza ao kuongeza kilo juu ya afya yake, tumsindikize kwa daktari, tupike naye, tutembee naye. Akitaka juu ya maneno yetu, basi tuanze kutengeneza maneno yetu. Tukikutana na mutoto wetu njiani, tusianze na mwili wake. Tumuulize: «Ulilala muzuri? Kazi inaendelea?» Pengine siku hiyo hatanunua kinini.