Mchuma Janga na wa Kwao

Wahenga walinena kuwa mchuma janga hula na wa kwao. Methali hii haikutungwa kwa ajili ya Janga, kata iliyo jirani na Mlandizi katika Mkoa wa Pwani, lakini jina na neno vimekutana mahali panapostahili swali: huyo "wa kwao" ni nani?

Ukanda wa Kibaha na Kisarawe umebadilika sura. Pori hugeuka mkaa, penye tanuri hupandwa mihogo, kisha mihogo ikapisha vigingi vya viwanja. Kila hatua ina bei iliyo kubwa kuliko ya kwanza, na kwa hesabu ya sokoni ardhi imepanda thamani.

Hesabu hiyo imeacha kitu nje. Pori lilikuwa likifanya kazi bila ujira: majani makavu yalipokea mvua kwa upole, mizizi ilishika udongo, nyuki walichavusha mikorosho, na magome yalikuwa dawa ya jirani. Mwaka 1997 Robert Costanza na wenzake walikadiria ujira wa kazi za namna hii duniani kote, wakapata wastani wa dola trilioni 33 kwa mwaka, zaidi ya pato la mataifa yote ya wakati ule. Wapo waliowapinga, wakisema kisicho na mbadala hakiwezi kuwa na bei. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, sokoni kisicho na bei huhesabiwa si kitu.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilitamka kuwa maslahi katika ardhi yana thamani. Ilikuwa haki kwa mkulima, kwani zamani ardhi tupu ilihesabiwa haina bei, akafidiwa mazao na nyumba tu. Lakini kivuli, na maji yateremkayo kwa jirani, havina hati. Auzaye shamba huuza chake pamoja na kisicho chake, naye hulipwa kwa kimoja.

Je, alaumiwe? Mwenye ada ya mtoto mkononi na njaa mlangoni hawezi kuambiwa ayatunze maji ya watu asiowajua, tena bure. Huko ni kumtoza maskini kodi ili mwenye nacho anywe. Isitoshe, mkaa wake huliwa mbali: hupakiwa kwenda Dar es Salaam, jiji ambalo sensa ya 2022 ilikuta lina watu 5,383,728. Jiji hilo hilo hunywa maji ya mto Ruvu, yanayosafishwa Ruvu Juu huko Mlandizi na Ruvu Chini huko Bagamoyo. Kweli, chimbuko la Ruvu ni milima ya Uluguru, na ukame ulioleta mgao wa maji jijini mwaka 2022 haubebeki katika gunia la mkaa. Lakini ardhi iliyovuliwa nguo huacha udongo wake uende na mvua, na safari ya udongo huo huishia mtoni. Tope likizidi, kusafisha maji huwa ghali zaidi.

Basi jiko la jijini na bomba la jijini ni vya nyumba moja, na aliyenunua mkaa ameshiriki kuchuma. "Wa kwao" si wa damu tena. Ni wote wachotao mto mmoja.

Huko Uluguru, kuelekea mwisho wa miaka ya 2000, mradi wa CARE na WWF uliwalipa wakulima waliohifadhi udongo wa miinuko, na DAWASCO, iliyokuwa ikigawa maji jijini, ilikuwa miongoni mwa wachangiaji. Malipo hayo hayakuwa sadaka. Yalikuwa deni lililokiriwa. Hapo ndipo bei ina kazi yake njema: haiwezi kusema pori ni nini, lakini yaweza kusema nani anadaiwa, na na nani. Janga bado inadai.